Bwawa jipya limegeuka mlenda? Usimwage maji kwanza

Mwaka juzi nilijenga kabwawa ka samaki nyuma ya nyumba, huku Goba, Dar, mita 3 kwa mita 2, kina sentimita 80, tofali za inchi 6 na plasta ndani, mawe mawili matatu pembeni ya kupendezesha. Nikajaza maji, jioni nikavuta kiti changu cha plastiki nikakaa hapo nikajiona bwana mkubwa. Siku ya tisa naamka nakuta maji yana rangi ya mlenda. Na sio kijani kidogo, yaani ukitumbukiza kidole kinapotelea. Nikajua ni uchafu, nikamwaga yote, nikasugua kuta kwa brashi na jiki, nikajaza upya. Siku ya saba, kijani. Nikamwaga tena. Mara ya tatu mke wangu kasimama mlangoni kashika kiuno ananiangalia, akasema "Baba Neema, hivi unafuga samaki au unafuga bili ya maji?"

Hapo ndo nikaanza kuuliza watu wanaojua, hasa wafugaji wa sato wenye mabwawa ya biashara, na walichoniambia kiliniaibisha kwa urahisi wake, kwamba kila nilipomwaga maji nilikuwa nalirudisha bwawa siku ya kwanza. Kwa hiyo haya maelezo ni ya wewe ambaye bwawa lako halijamaliza hata miezi mitatu na limeshakuwa kijani. La zamani lililobadilika ghafla lina mambo yake mengine, mengi ya humu yatakusaidia ila sio yote.

Hicho kijani ni nini

Ni mwani. Ukitaja mwani Zanzibar watu wanafikiria ule unaolimwa Paje na Jambiani, wa kamba na vijiti, huu wa bwawani ni ndugu yake wa mbali mdogo sana, kimmea kimoja kimoja huwezi kukiona kwa macho, ila vikiwa mamilioni kwenye tone la maji ndo unaona hiyo rangi. Anahitaji vitu viwili tu, jua na mbolea. Jua Dar unalijua, masaa 12 kila siku mwaka mzima. Mbolea sasa ndo watu wengi hawajui inatoka wapi, wanasema mbona mi sijaweka mbolea.

Umeweka. Samaki akila anatoa amonia, nyingine inatoka kwenye kinyesi na nyingine inatoka moja kwa moja kwenye matamvua. Chakula alichokiacha kinaoza, nacho kinatoa amonia. Majani ya mwembe yaliyodondoka, hivyo hivyo. Kwenye bwawa lililokomaa kuna bakteria wamejishikiza kwenye kuta, kwenye mawe na kwenye filta, kundi moja linaigeuza amonia kuwa naitraiti, kundi lingine linaigeuza naitraiti kuwa naitreti, na naitreti zinafyonzwa na mimea. Hiyo naitreti ndo ile ile iliyomo kwenye mfuko wa CAN unaoweka kwenye mahindi, sasa jiulize mwani ukipewa CAN na jua la Dar utafanya nini.

Tatizo la bwawa jipya ni kwamba bakteria bado hawapo wa kutosha na mimea bado haijashika, kwa hiyo anayekula ile mbolea yote ni mwani peke yake, mezani hana mshindani. Bakteria kujaa huwa inachukua kama wiki 4 hadi 6, kwenye joto letu wakati mwingine pungufu. Sasa we kila siku ya saba unamwaga maji na kusugua kuta kwa jiki, jiki inaua wale wale bakteria unaowasubiri, halafu unaleta maji mapya. Ndo nilichokuwa nafanya mimi.

Hakikisha kwanza ni kitu gani

Chota maji kwenye glasi au chupa safi, weka juu ya karatasi nyeupe, iache mpaka kesho yake. Kama chini kimekaa kitu cha kahawia na juu maji yamekuwa meupe, hilo ni tope, shida yako ni udongo unaoingia bwawani. Kama bado kijani kote kote, ni ule mwani wa kuelea, na ndo kesi ya kawaida ya bwawa jipya.

Chukua na kijiti, zungusha kwenye maji pembeni. Kikitoka na vitu kama tambi zimejiviringisha, huo ni mwani wa nyuzi, nitaufikia chini huko. Kikitoka kimepakwa kama umekichovya kwenye rangi ya mafuta na juu ya maji kuna utando kama rangi ya ukutani imemwagika, na harufu ya ajabu ya udongo mbichi au uozo, hapo simama. Hiyo sio mwani wa kawaida, ni bakteria wa rangi ya bluu-kijani, baadhi yao wana sumu. Ndo hao hao wanaogeuza maji ya ghuba la Winam pale Kisumu kuwa kama supu ya njegere. Usiache mbwa anywe, watoto wasichezee, usimwagilie mboga zinazoliwa mbichi, toa ule utando kwa wavu ukiwa umevaa glovu, na washa pampu maji yatembee maana wanapenda maji yaliyotulia na moto. (Sio kwamba wote ni wabaya, flamingo wadogo wa Ziwa Natron wanaishi kwa kula jamii hiyo hiyo na rangi yao ya waridi inatoka humo. Lakini wewe sio flamingo.)

Halafu kuna ule utelezi mwembamba wa kijani kwenye kuta na mawe, koga. Huo uache. Narudia, uache. Bakteria wako wanaishi humo na samaki wanaulamba siku nzima. Ukuta wa bwawa unaong'aa kama sinki la jikoni ni ukuta wa bwawa linaloumwa.

Simenti mpya

Hapa niseme kitu ambacho fundi wangu hakuniambia, na sidhani kama alikuwa anajua. Simenti mbichi inatoa chokaa kwenye maji, pH (kipimo cha maji kuwa ya tindikali au ya magadi) inapanda mpaka 11 au 12, wakati samaki wetu wengi wanataka kati ya 6.5 na 9. Kwa hiyo bwawa la simenti unalijaza, unaacha siku tatu nne, unamwaga, unajaza tena, mara tatu hivi, hapo katikati unaweza kusugua kuta kwa siki iliyochanganywa na maji. Huu ndo wakati pekee ninaokuruhusu kumwaga maji yote, kabla hujaweka kiumbe chochote. Ukiwa umetumia turubai gumu la bwawa ruka hii hatua.

Inahusianaje na mwani? Inahusiana hivi, pH ikiwa juu, amonia ile ile kidogo inakuwa sumu kali zaidi kwa samaki. Na mwani wenyewe ukiwa mwingi, mchana unavuta ile hewa ya kaboni yote kwenye maji na pH inazidi kupanda, saa tisa alasiri maji yanaweza kuwa makali kuliko asubuhi. Kwa hiyo ukiwa na simenti mpya, mwani mwingi na samaki wengi kwa pamoja, umetega mtego. Mimi nilipoteza samaki sita wiki ya pili nikasema nimeuziwa wagonjwa, kumbe masikini yule kijana aliyeniuzia hana kosa.

Maji ya bomba yana klorini pia. Yaache siku moja mbili kwenye simtanki wazi au ndani ya bwawa lenyewe kabla ya samaki, pampu ikiwa inazunguka ndo inatoka haraka. Ya kisima hayana klorini ila mengine huku kwetu yana chumvi, na mengine, hasa kisima kikiwa karibu na vyoo vya shimo au mashamba, yanakuja na naitreti yake tayari kutoka chini. Kama umejaza maji ya kisima, hujaweka samaki hata mmoja, na limekuwa kijani siku tano, we jua mbolea umeivuta na mashine mwenyewe.

Sasa fanya hivi

Punguza chakula. Hii naiweka ya kwanza kwa sababu haina gharama na ndo watu hawataki kuifanya, mtu anapenda kuona samaki wanakuja juu kugombania, watoto nao wakitoka shule kila mmoja anarusha kiganja chake. Weka kiasi kinachoisha ndani ya dakika tano, mara moja kwa siku, na kwa hizi wiki sita za mwanzo ruka siku moja moja. Samaki hafi njaa, sato na perege wanakula huo huo mwani. Kinachobaki kinaelea baada ya dakika tano kitoe na wavu. Na idadi ya samaki iwe ndogo, bwawa langu lina maji kama lita 4,800 (3 mara 2 mara 0.8 ni mita za ujazo 4.8, kila moja lita 1,000) nilianza upya na samaki ishirini wadogo, sio themanini kama mara ya kwanza.

Ziba njia za mbolea ya nje. Angalia mvua ikinyesha maji yanatoka wapi kuingia bwawani. Mimi ukingo ulikuwa sawa na ardhi, masika ile ya kwanza udongo wote wa kwenye bustani ya mchicha, ambao nilishauwekea samadi, ulishuka humo. Nikapandisha ukingo kwa kozi moja ya tofali, kama sentimita 15, basi. Bata nao wasiingie, bata mmoja ni kiwanda cha mbolea kinachotembea. Majani yaliyodondoka yatoe kila siku kabla hayajazama, yakishazama yanakuwa matope meusi na hayo yanalisha mwani miezi na miezi.

Punguza jua. Hii ndo iliyoleta mabadiliko makubwa kwangu. Lenga nusu ya uso wa maji iwe imefunikwa, hata zaidi kidogo. Wakati mimea haijakua funika kwa neti ya kivuli, ile nyeusi ya kwenye vitalu nyumba, unafunga kwenye miti minne juu ya bwawa upande wa magharibi ambako jua la mchana linapiga. Mke wangu alisema nimejenga kibanda cha chipsi. Sawa tu. Wiki mbili za kibanda cha chipsi na maji yalianza kubadilika.

Mimea yenyewe: yungiyungi ni nzuri kuliko zote, majani yanalala juu ya maji yanakata jua, panda kwenye beseni lenye udongo wa mfinyanzi, juu yake mwaga kokoto ili udongo usitibuke, usiweke samadi wala mboji kwenye hilo beseni hata kama muuzaji wa miche atakuambia. Pembeni kwenye kina kifupi weka magimbi, ndio, haya haya ya kula, yanapenda miguu ndani ya maji na yanavuta mbolea balaa. Mimi pia nilichukua matembele, vipande vya shina tu, nikavichomeka kwenye boya la maboksi ya styrofoam yaliyotobolewa, mizizi ikashuka ndani ya maji ndani ya wiki, sasa hivi tunachuma mboga juu ya samaki. Ile mizizi ndo mshindani wa mwani niliyekuwa namtafuta.

Gugu maji, hapana. Najua linakua haraka, lina maua mazuri ya zambarau, na kuna watu watakupa bure. Hilo ndo lililoingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 na mpaka leo watu wa Mwanza na Kisumu wanalisukuma kwa mitumbwi. Mvua kubwa moja ikifurika bwawa lako na kulipeleka mtoni umewapa watu wengine kazi ya maisha. Na yale madogo ya kuelea kama dengu za kijani, na azola, yanafanya kazi vizuri sana ya kunyonya mbolea ila lazima uyapunguze kila wiki, yakifunika uso wote samaki wanakosa hewa. Unachotoa wape kuku, wanafurahi.

Badilisha maji kidogo kidogo. Asilimia 10 kwa wiki, mpaka 20 kama hali ni mbaya sana, usizidishe. Kwangu asilimia 10 ni lita 480, ndoo 24 za lita ishirini, navuta kutoka chini kabisa kwa mpira ule wa kumwagilia kwa kunyonya (usinyonye kwa mdomo jamani, ujaze maji kwanza uzibe kwa kidole) na hayo maji yanaenda kwenye mchicha na migomba. Yale maji ni mbolea, usiyamwage barabarani. Kipindi kile namwaga bwawa zima mara tatu nilikuwa namwaga kwenye mtaro, nikikumbuka naumia.

Filta ya kujitengenezea

Kuna za dukani, kama mfuko unaruhusu nunua. Yangu ni pipa la plastiki la lita 200. Hakikisha lilikuwa la kitu cha kuliwa, sio kemikali, harufu itakuambia na bado osha mara tatu. Maji ya pampu yanaingia chini, yanapanda juu kwa kupita kwenye kokoto kubwa, halafu mabaki ya sponji ya magodoro yaliyokatwa vipande, halafu nyavu kuu kuu za uvuvi zilizofumbatwa fumbatwa, halafu yanatoka kwa juu na kurudi bwawani yakidondoka kama maporomoko madogo, hapo hapo yanaongeza hewa. Kinachofanya kazi sio pipa, ni nafasi za bakteria kujishikiza, ndo maana nyavu na sponji zinashinda mawe matupu.

Pampu itoshe kuzungusha maji yote ndani ya saa moja hadi mbili. Yangu inasukuma lita 3,000 kwa saa, inatumia wati 45, piga masaa 24 inakuja kama uniti 1 ya LUKU na kidogo kwa siku. Kuna watu wanaizima usiku kubana matumizi, usifanye hivyo, na sababu ni hii: mchana mwani unatoa oksijeni, usiku nao unavuta oksijeni kama samaki. Maji yakiwa kijani sana, saa kumi na moja alfajiri ndo oksijeni iko chini kuliko saa zote. Ukiamka mapema ukakuta samaki wote wako juu wanahema midomo nje, hilo ndo tatizo. Na likitokea siku ya mawingu mazito baada ya jua kali siku nyingi, ndo hatari zaidi, mwani unaweza kufa wote kwa mpigo na kuoza humo humo.

Filta unaisafisha lini? Maji yakianza kutoka kwa shida. Na unaisuuza kwa maji ya bwawa lenyewe ndani ya beseni, kamua sponji mara mbili tatu rudisha. Ukiisuuza kwa maji ya bomba yenye klorini umeua mifugo yako isiyoonekana na unaanza wiki sita upya. Ukipata jirani mwenye bwawa la zamani lenye samaki wazima, muombe kipande cha sponji chafu cha kwenye filta yake, kilete mbio kikiwa na maji maji uweke kwenye yako, hiyo ni kama kuomba chachu ya kuanzishia maandazi.

Kuna taa za UV pia, maji yanapita kwenye bomba lenye taa na mwani wa kuelea unakufa. Zinafanya kazi kweli, wiki moja mbili maji yanang'aa. Lakini hazigusi mwani wa nyuzi wala koga, mbolea bado ipo humo, na taa yenyewe inachoka baada ya kama mwaka hata kama bado unaiona inawaka. Maoni yangu, anza na kivuli na mimea, UV iwe ya mwisho.

Dawa mtakazoshauriwa

Mrututu. Kila mzee mtaani atakuambia weka mrututu, na kweli unaua mwani. Ila una shaba, na tofauti ya kipimo cha kuua mwani na kipimo cha kuua samaki ni ndogo sana kwenye maji laini, na ile shaba haiozi, inakaa kwenye tope la chini. Mi sijaweka na sitaweka.

Jiki, nimeshasema.

Shabu na mbegu za mlonge zilizotwangwa, hizi ni za tope. Zinashika chembe za udongo na kuzizamisha chini, mabibi zetu walisafishia maji ya kunywa hivyo. Kama jaribio la glasi limeonyesha udongo, sawa, kwa kiasi, ila shabu inashusha pH na mlonge ukizidi unaoza na kuwa chakula cha mwani. Kwa kijani hazitibu chanzo.

Majani makavu ya shayiri utayaona kwenye video za Waingereza, wanayafunga kwenye wavu yaoze taratibu. Kwao inaanza kufanya kazi baada ya wiki kadhaa, na shayiri utaitoa wapi Goba. Kumbuka pia ushauri mwingi wa hizo video ni wa watu wenye baridi nusu mwaka, wanakuambia "subiri majira yapite", hapa hakuna majira ya kupita, jua lipo tu.

Na hizo hizo video zitakuambia weka konokono wa kula mwani. Hapa kuwa makini sana. Konokono wa maji baridi wa kwetu, baadhi ndo wanaobeba kichocho. Usiende kuokota konokono mtoni au kwenye bonde la mpunga ukawaleta nyumbani ambako watoto wanatumbukiza mikono. Mimea uliyochukua porini nayo ioshe vizuri mizizi na majani, mayai yao yanakuwa kama matone ya ute chini ya jani.

Wiki kwa wiki utaona nini

Wiki ya kwanza baada ya kuweka kivuli na kupunguza chakula, hakuna kitu. Utachoka. Usimwage. Wiki ya pili mimi nilikuwa napima kwa mkono kama wafugaji wanavyofanya, unatumbukiza mkono mpaka kiwiko, ukiona kiganja chako kimekaribia kupotea hapo ni kijani cha kawaida ambacho mfugaji wa sato wala asingelalamika, kwake ni chakula cha bure. Kikipotea kabla hata hujafika nusu ya mkono, hapo ni kingi mno. Mwanzo kiganja kilikuwa kinapotea maji yakiwa yamefika tu juu ya kifundo cha mkono. Wiki ya tatu nikakiona mpaka kwenye kiwiko. Wiki ya tano, asubuhi moja, naenda na kikombe cha chai nakuta naona sakafu, naona na kijiko cha Neema kilichopotea toka mwezi wa tatu.

Nikashangilia mapema. Maji yakishakuwa meupe jua linafika chini, na hapo ndo unakuja mwani wa nyuzi, zile tambi. Hizo hazitaki falsafa, zinataka mkono. Chukua brashi ya chooni mpya au fagio la chelewa, ingiza, zungusha kama unavyoviringisha tambi kwenye uma, vuta. Nusu saa kila Jumamosi kwa kama mwezi hivi. Kabla ya kuzitupa ziache dakika kumi pembeni ya maji, kuna vifaranga vya samaki na wadudu wamejificha humo warudi wenyewe, kisha peleka kwenye mboji. Zile tambi ni mbolea uliyoitoa bwawani kwa mkono, kila ndoo unayotoa ni kijani ambacho hakitarudi.

Umeme ukikatika usiku, na utakatika, chota maji kwa jagi au ndoo ndogo uyamwage kutoka juu, dakika kumi, pumzika, rudia, hasa alfajiri. Na kama umeme umekaa masaa mengi, ukirudi usiruhusu maji ya pipa yaingie bwawani moja kwa moja. Ndani ya filta iliyozimika bakteria wamekosa hewa na maji yameharibika, yananuka mayai viza. Geuza mpira, ndoo kumi za kwanza zipeleke kwenye migomba, yakianza kutoka bila harufu ndo urudishe bwawani.